Agizo Lisilorudiwa

Watu wa umeme wana ugonjwa wao. Ukiwaambia jambo hawaitikii kama binadamu wengine. Wanakurudishia maneno yako yaleyale, neno kwa neno, kana kwamba wewe ndiye uliyesahau ulichosema. Katika nyumba aliyokulia binti wa hadithi hii, mama akisema, "Niletee chumvi," baba alijibu, "Nikuletee chumvi." Mama akamalizia, "Sahihi," amebinua midomo, ndipo chumvi ikaletwa. Wageni walidhani ni mzaha wa mke na mume. Mzaha ulikuwepo, ila ilikuwa kazi pia, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha binti, ikamsomesha, na mwishowe ikampa ajira yeye naye.

Baba alikuwa msimamizi wa kituo cha kupozea umeme, pale ambapo nyaya kubwa zinaingia kutoka mbali na nyaya ndogo zinatoka kwenda mitaani. Kazi yake ilikuwa kuzima na kuwasha swichi kubwa kila alipoagizwa kwa simu. Binti alisomea ufundi sanifu wa umeme, akapangiwa chumba cha uongozaji, ghorofa ya tatu katikati ya mji, mbele ya ubao mrefu wenye taa nyekundu na za kijani, na yeye ndiye akawa wa kuagiza. Kwa hiyo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri, mtoto alikuwa anamwamuru baba yake. Jioni mambo yalirudi kama Mungu alivyoyapanga.

Kazini baba aliitwa Mzee Rudia. Hakuna fundi aliyepita mikononi mwake bila kuimbishwa hatua tatu: mmoja anatoa agizo, wa pili analirudia lote, wa kwanza anasema "Sahihi." Hapo ndipo mkono unagusa swichi, si kabla. "Kuwa kasuku uzeeke," aliwaambia wanafunzi. "Sijawahi kumzika kasuku aliyekufa kwa umeme." Na akimkuta mtu anaitikia kwa kichwa, alimkazia macho. "Agizo lisilorudiwa halijatolewa. Limesemwa tu. Kusema hata redio inasema."

Wiki ya kwanza ya binti kazini, baba mwenyewe alikuja kumwonyesha mashine ya kurekodi, kabati la kijivu kwenye chumba kidogo cha nyuma. Simu ya kazi kati ya uongozaji na kila kituo ina waya wake peke yake, na kila neno linalopita humo linahifadhiwa siku tisini. Siku ya tisini na moja, saa sita kamili mchana, mashine inalifuta yenyewe. "Na ujihadhari," baba akamwambia, "haiachi kurekodi mpaka wote wawili mmeweka simu. Ukishaweka wewe na mwenzio hajaweka, inamsikiliza yeye. Kuna watu wamemtukana bosi humu wakidhani wako peke yao." Wakacheka. Rekodi zenyewe hakuna mwenye shida nazo. Husikilizwa pakitokea kosa tu, na watu wa umeme huomba Mungu zisisikilizwe.

Kosa likatokea, tena kwa Mzee Rudia.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mafundi sita walikuwa wanasubiri chini ya laini ya viwandani wapande kubadilisha vikombe vya nguzo, vile vya kaure vinavyobeba nyaya. Binti akapiga simu kituoni. Baba akauliza kwanza kama mafua yamepungua. Akasema yamepungua, akatoa agizo: azime swichi namba tatu. "Sawa, mama," baba akajibu, kwa jina alilokuwa akimwita bintiye tangu akiwa mchanga, akaweka simu, akaenda akazima namba tano. Binti hakumdai arudie. Amdai nani, Mzee Rudia? Akawaambia mafundi wapande. Msimamizi wao, kwa bahati njema mtu mwoga, akanyoosha kijiti cha kupimia umeme kabla ya kugusa, kijiti kikalia. Laini ilikuwa na moto.

Hakufa mtu. Lakini taarifa ilibidi iandikwe, na sheria ilikataza wahusika kuzungumza wao kwa wao kabla ya kuandika. Binti akaandika: mpokeaji hakurudia agizo, mtoa agizo hakumdai. Yeye akapewa onyo. Baba, baada ya miaka thelathini na moja bila doa, akahamishiwa kituo kidogo nje ya mji, karibu na machimbo ya kokoto, kituo cha mtu mmoja na mlinzi wa getini, amalizie huko mwaka wake wa mwisho.

"Umeniandika," baba alimwambia jioni ile, binti alipopita nyumbani.

"Nimetuandika wote wawili, baba."

"Halafu mimi nikasikie kwa mkuu wa zamu. Hukuweza kuniambia, 'Baba, jiandae'?"

"Sheria hairuhusu."

"Najua sheria. Nimekufundisha mimi."

Akabeba redio yake akatoka nayo uani. Hayo ndiyo yakawa maneno yao ya mwisho chini ya paa moja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, ila hawakusema lolote juu ya anayejikwaa kwa kalamu. Binti alikuwa amepanga vyumba viwili mjini, na kila Jumapili alikuja kula kwa wazazi. Baada ya siku ile alikuja Jumapili tatu. Kila alipoingia, redio ilitoka. Ya nne hakuja, na hakuna aliyempigia kumuuliza.

Kazi lakini haijui kununa. Mitambo ya machimbo ilihitaji nguvu zaidi mchana, basi kila siku saa tatu asubuhi binti alimwagiza baba aingize transfoma ya pili, na saa nane mchana aitoe.

"Uongozaji unaita kituo cha machimbo."

"Kituo cha machimbo, nasikiliza."

"Ingiza transfoma namba mbili. Rudia."

"Niingize transfoma namba mbili."

"Sahihi."

Baba akishatekeleza alipiga kuripoti, na safari hiyo ikawa zamu ya binti kurudia na ya baba kusema "Sahihi." Basi. Hakuna kuulizwa mafua, wala kuitwa mama. Mzee amekuwa kasuku kamili tena, haruki hata silabi. Binti akaanza kutunga maagizo marefu kuliko yanavyohitajika. Badala ya "transfoma namba mbili" alisema "transfoma namba mbili, iliyoko upande wa mashariki, yenye rangi ya kijivu," ili tu sauti ile irudi nayo yote. Wenzake walimtania kwamba anamwandikia mzee barua. Na neno la mwisho likishasemwa, alibwaga simu upesi, kabla ya baba. Hakutaka kuwa yeye wa kuwekewa simu. Kiburi kina hesabu zake, na hiyo ilikuwa hesabu ya kiburi chake.

Ikapita miezi saba hivyo.

Siku aliyofariki baba ilikuwa Alhamisi. Saa tatu aliingiza transfoma, akaripoti. Saa nane binti akapiga, simu ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu akaiweka chini polepole. "Leo ameamua kuninunia hata kazini," akasema peke yake. Akaona hatambembeleza mbele ya watu. Atapiga mwenyewe, hawezi kuiacha transfoma. Akasubiri dakika arobaini, anaitazama taa nyekundu ya machimbo kwenye ubao, transfoma bado imo, ndipo akampigia mlinzi wa getini kwenye simu ya mkononi. Mlinzi akaenda, akarudi kwenye simu anahema. Mzee amekaa kwenye kiti chake kando ya simu, miwani mkononi, na haamki.

Daktari alisema ni moyo. Akasema pia kwamba dakika arobaini zisingeokoa kitu. Binti hakujua kama daktari huwaambia hivyo watu wote.

Msibani nyumba ilijaa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye hajawahi kumeza neno lililokwisha kufika kooni, alimvuta pembeni kati ya masufuria na ndoo za maji.

"Wewe na baba yako mlipatana?"

"Hatukuwahi, shangazi."

"Radhi alikupa?"

Binti akainamia sufuria.

"Radhi ni bora kuliko mali, mwanangu. Mali utaitafuta popote. Radhi ya baba iko kwa baba, na baba ndiye yule tumetoka kumfukia." Hakusema kwa ukatili; machozi yalikuwa yanamtiririka na yeye. "Ungekuja tu. Mtoto haoni haya kumpigia mzazi magoti."

Neno hilo lilimkaa binti kama mwiba wa samaki. Lakini lililomuumiza zaidi lilitoka kwa mama. Mama hakumgombeza wala hakumkumbatia. Alimpokea kama anavyopokelewa jirani wa mtaa wa tatu. Siku ya tatu, watu wameanza kutawanyika na wao wawili wanapanga viti vya kurudisha, ndipo alipolitoa.

"Ulikuwa unaitwa, na ulikuwa huji."

"Naitwa na nani, mama?"

"Na baba yako. Kila nikimuuliza, 'Mtoto umemwambia aje?' ananijibu, 'Nimemwambia.' Jumapili ngapi nimepika chakula cha watu watatu tukala wawili? Mwisho nikaacha kuuliza."

"Mama, baba hakuniita. Naapa."

"Marehemu hakuwa mwongo," mama akasema, akapandanisha kiti kingine.

Kweli, hakuwa mwongo. Na kweli, binti hakuwa ameitwa. Akazigeuzageuza kweli hizo mbili njia nzima, hazikukaa pamoja. Mwisho akaamua kwamba mama amechanganywa na msiba, na akajichukia kwa kuamua hivyo.

Siku ya kumi akaja mchunguzi wa matukio ya kazini, mwanamume mpole mwenye fomu nyingi. Mtu akifia kazini na agizo likachelewa, lazima pachunguzwe.

"Ulipiga saa nane kamili. Mlinzi ulimpigia saa nane na dakika arobaini. Kwa nini ulichelewa?"

"Nilidhani amenuna."

Kalamu ikasimama. "Nani amenuna?"

"Marehemu. Ni baba yangu."

Mchunguzi akatafuta kwenye fomu mahali pa kuliandika hilo, hapakuwepo. Akamwomba tu waende chumba cha nyuma wakasikilize rekodi ya mwisho.

Ilikuwa ile ya saa tatu, baba anaripoti. "Transfoma namba mbili imeingia saa tatu na dakika sita." Kisha sauti ya binti inarudia, kavu kama ya karani. Kisha baba: "Sahihi." Kisha mbwago wa simu. Mchunguzi akazima mashine hapohapo, kama ambavyo mtu yeyote angezima, maana mazungumzo yamekwisha. "Utaratibu umefuatwa," akasema, akatia saini, akampa mkono wa pole na kuondoka.

Binti akabaki anaangalia kioo kidogo cha mashine. Fundi sanifu hawezi kupita mbele ya namba bila kuisoma. Mazungumzo yale yalichukua sekunde ishirini na mbili. Rekodi ilikuwa na urefu wa sekunde thelathini na moja.

Haiachi kurekodi mpaka wote wawili mmeweka simu.

Akaiwasha tena kutoka pale simu yake ilipobwagwa. Pumzi ya mtu. Kiti kinalia. Pumzi tena. Halafu simu ya pili inawekwa, taratibu, kama inavyowekwa na mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Hakuna neno. Akafungua ya siku iliyotangulia, nayo ilikuwa ndefu kuliko mazungumzo. Pumzi, kisha sauti ya chini: "Haya."

Mkuu wa zamu alimpa ufunguo wa chumba kile bila maswali. "Chukua muda wako, dada. Ila kunakili hairuhusiwi, unajua."

"Najua," akasema. Alijua kuliko wote.

Kuanzia siku hiyo, kila ilipogonga saa tisa na zamu yake ikaisha, alijifungia na lile kabati la kijivu akirudi nyuma, siku baada ya siku. Wiki ya mwisho ya baba ilikuwa pumzi na "Haya." Wiki ya kabla yake, "Haya, mama." Aliposikia jina hilo la utotoni, aliegemeza paji la uso kwenye bati la mashine, akakaa hivyo mpaka bati likapata joto. Nyuma zaidi maneno yalianza kuongezeka. "Mvua huku. Sijui huko." Siku nyingine, "Mama yako mgongo unamsumbua, mpigie." Siku nyingine alicheka kidogo, kile kicheko cha puani: "Rangi ya kijivu. Zote za kijivu, mama." Binti akacheka naye, peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Akazidi kurudi. "Jumapili hii je?" Kisha, "Njoo Jumapili, basi." Na baada ya kila neno, baba alisubiri. Sekunde kumi. Sekunde ishirini. Kadiri alivyorudi nyuma, ndivyo maneno yalivyozidi na kusubiri kulivyorefuka, na binti wa watu alifurahi, nitasema nini, alifurahi kama mtu anayemwona baba yake akija kutoka mbali barabarani, kila hatua uso unaonekana vizuri zaidi.

Siku ya nne, anashuka ngazi kwenda nyumbani, ndipo akili ilipomrudia. Alikuwa anazisikiliza kinyumenyume. Ukizipanga zilivyotokea, baba hakuwa anakuja. Alianza na maneno mengi na kusubiri kwingi, akapunguza, akapunguza, akabaki na "Haya, mama," akabaki na "Haya," akabaki na pumzi. Kila siku alikuta simu imekwisha kubwagwa, na kila siku alisubiri kidogo kuliko jana. Binti alikaa palepale kwenye ngazi akalia kwa sauti, na watu wa ofisi waliokuwa wanateremka wakampisha kwa kujibana ukutani.

Jioni hiyo akampigia mama. "Mama, ni kweli nilikuwa naitwa. Nilikuwa nimeshaweka simu."

Mama akauliza, "Na yeye alijua umeweka?"

"Alijua."

"Mnafanana," mama akasema.

Kwa nini basi baba hakusema kabla simu haijawekwa? Binti hakuhitaji kuuliza. Neno moja la nyumbani kwenye simu ya kazi lilikwisha kumgharimu mzee miaka thelathini na moja. Hakutaka kulitia tena katikati ya agizo. Alilisogeza mwisho, baada ya kazi, mahali ambapo sheria haifiki, akatumaini tu kwamba ipo siku bintiye atachelewa kidogo kuweka simu. Sekunde moja ingetosha. Na alijua mashine inasikia, ila alijua pia kwamba rekodi husikilizwa pakitokea kosa, na yeye hakukosea tena hata silabi.

Siku ya tano akafika kwenye rekodi ya zamani kuliko zote zilizobaki. Nyuma yake palikuwa patupu. Siku tano hizo, kila saa sita mchana, yeye akiwa ameketi mbele ya ubao wake, mashine ilikuwa inafuta siku moja kwa upande ule aliokuwa anauendea. Hakuwa amelifikiria hilo, yeye aliyefundishwa mashine ile na baba mwenyewe.

Rekodi ilikuwa na urefu wa dakika moja na nusu. Agizo, kurudia, "Sahihi," mbwago. Halafu baba akakohoa kidogo, na sauti yake ikatoka, ile ya kazini, iliyonyooka.

"Kituo cha machimbo kinaita uongozaji. Natoa tena agizo la jana, maana halikurudiwa. Hukukosea. Aliyekosea ni mimi. Radhi yangu unayo. Njoo nyumbani Jumapili. Rudia."

Kisha akasubiri. Binti alihesabu. Lori la kokoto likapita mbali. Mlinzi akasalimia mlangoni, hakujibiwa. Sekunde hamsini na nne.

"Hujarudia," baba akasema, bila hasira, akaweka simu.

Akaisikiliza mara tatu. Agizo la jana, alisema, na hiyo jana ilikwisha kufutwa, pamoja na juzi yake, na siku nyingine asizojua idadi. Simu ya mkononi ilikuwa mfukoni mwake. Aliigusa, akaitoa, akairudisha. Aliyemwandika baba yake kwa ajili ya sheria hakuweza kuivunja sheria hiyohiyo ili abaki na sauti yake. Mimi ningenakili, nawaambieni ukweli, na Mungu angenisamehe. Yeye alizima taa, akafunga mlango, akarudisha ufunguo.

Usiku kucha hakupata usingizi kwa swali moja. Shangazi aliuliza radhi, nayo hiyo hapa, imetamkwa. Lakini agizo lisilorudiwa halijatolewa. Limesemwa tu. Aliyeyasema hayo ni yuleyule aliyetoa radhi, na hakuwa mtu wa kubadilisha sheria kwa sababu inamhusu mwanawe.

Kesho yake saa sita mchana alitazama saa ya ukutani mpaka mshale ukapita. Hakuna taa iliyobadilika kwenye ubao.

Saa nane na dakika chache akainua simu. Kituo cha machimbo sasa kilikuwa na msimamizi mpya, mtu wa makamo aliyetolewa ghalani, naye aliwahi kuwa kasuku wa Mzee Rudia.

"Toa transfoma namba mbili. Rudia."

"Nitoe transfoma namba mbili."

"Sahihi."

Simu haikuwekwa. Yule bwana akasubiri kidogo. "Uongozaji, kuna lingine?"

"Hapana. Weka wewe kwanza."

"Niweke mimi kwanza."

"Sahihi."

Ikasikika simu yake ikiwekwa. Binti akabaki na yake sikioni, waya uko wazi, hakuna mtu upande wa pili. Akageuza kiti kuelekea ubao ili wenzake wasimwone uso.

"Uongozaji unarudia agizo," akasema. "Sikukosea." Hapo akakwama. Kinachofuata hakikumtoka kinywani, maana ni mtoto gani anayemwambia baba yake maneno yale, tena wiki mbili tu baada ya kumfukia? Lakini agizo linarudiwa lote au halijarudiwa. "Aliyekosea ni wewe," akasema. "Radhi yako ninayo. Nije nyumbani Jumapili."

Akasubiri. Alijua anachosubiri, na alijua hakiji. Akahesabu hata hivyo, kwa sababu baba alimhesabia yeye siku zote zile. Ishirini. Thelathini. Kwenye ubao taa nyekundu ya machimbo ikazimika, ya kijani ikawaka. Arobaini. Hamsini. Ilipofika hamsini na nne, simu ya upande wa pili ikainuliwa.

"Kituo cha machimbo. Transfoma namba mbili imetoka saa nane na dakika nne."

Binti akajipangusa uso kwa mkono wa shati. "Transfoma namba mbili imetoka saa nane na dakika nne."

"Sahihi," akasema yule mtu, akaweka simu.

Halikuwa lake neno hilo, wala halikuwa la agizo lile. Binti alilichukua hivyohivyo, akaandika saa kitabuni, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi ule akawa yeye wa mwisho kuweka simu.